Maneno Yaliyotembea kwa Miguu

Ruxandra Hriscu alikuwa ametoka nyumbani kununua kabichi za kuchachusha, si kugombana na mtu. Lakini Jumamosi ile ya Oktoba soko la Obor mjini Bukarest lilikuwa limefurika, moshi wa mici, vinyama vya kusaga vinavyochomwa, umetanda mpaka barabarani, na umati ukamsukuma polepole kutoka kwenye kabichi hadi kwenye meza za vyombo vya udongo. Alikuwa amevaa koti la kijani na skafu nyekundu aliyoifunga ovyo, mkononi mfuko mtupu. Akaokota kikombe kimoja kizuri ajabu, cha rangi ya asali, kilichoandikwa ubavuni *lapte*, yaani maziwa. Akakipindua. Chini yake palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba hilo ni neno la Wadakia, mababu wa kale, tangu kabla Warumi hawajakanyaga nchi hii.

Damu ikamchemka. Watu wengine hukasirika wakikanyagwa mguu. Ruxandra, aliyekuwa akifundisha historia ya lugha chuo kikuu, alikasirika neno likisingiziwa baba asiye wake.

"Kaka, nani kakudanganya?"

Mwenye meza aliinua kichwa. Alikuwa mwanamume mrefu, aproni yake imeganda udongo mkavu, ndevu za rangi ya shaba, na macho ya mtu anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema.

"Kuhusu bei?"

"Kuhusu haya maandishi. Hili neno ni la Kilatini."

"Kwenye mtandao wanasema la Wadakia."

"Kwenye mtandao wanasema mengi. Warumi maziwa waliyaita *lacte*. Pale k ilipokaa na t, midomo yetu huku ikaigeuza k kuwa p. Kila mara. Usiku kwao *nocte*, kwetu *noapte*. Nane kwao *octo*, kwetu *opt*. Haichagui neno, haimwonei mtu haya, haipokei hongo. Ni sheria."

"Hebu rudia, dada. Nchi hii ina sheria isiyopokea hongo?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Ruxandra alijitahidi kukaza uso, ikashindikana, akacheka nao. Mwanamume akajifuta mkono kwenye aproni na kuunyoosha. "Mimi naitwa Octav. Sasa kama sheria ni sheria, mbona siitwi Optav?"

Hilo Ruxandra hakulitarajia. Wanafunzi wake walikuwa wanafika mwaka wa pili bila kuliuliza.

"Kwa sababu jina lako halikutembea," alisema. "*Lapte* lilitoka Rumi kwa miguu. Limebebwa na askari, na wachungaji, na akina mama wanaonyonyesha, mdomo kwa mdomo, karne kwa karne, likachakaa njiani. Jina lako limekuja juzijuzi ndani ya kitabu, limevaa viatu safi."

Octav akatazama viatu vyake, vilivyokuwa udongo mtupu. "Basi mimi ndio kwanza naanza safari," akasema. Kisha akamwonesha meza nzima, vikombe vimejipanga safu kwa safu, kila kimoja kina Wadakia wake chini, akamwomba arudi Jumamosi nyingine amwambie kipi cha kufuta.

Ruxandra alirudi nyumbani bila kabichi. Mama yake alipompigia simu kutoka Botoșani kuuliza kama ameshachachusha, alijibu kwamba soko lilikuwa limejaa watu, na mama, ambaye si mjinga, akamuuliza huyo mtu anaitwaje.

Jumamosi ile nyingine ikazaa nyingine. Octav alikuwa mtoto wa wafinyanzi wa Oboga, kule Oltenia, kusini, na karakana yake ilikuwa kwenye ua nyuma ya soko, penye mti wa aprikoti uliopinda kama mzee anayetafuta miwani. Ndani kulinuka udongo mbichi na kahawa. Ruxandra alikaa juu ya gunia, akinywa kutoka kile kikombe cha uongo alichokataa kisifutwe, huku akimpa Octav maneno, na Octav akayachora. Alimfundisha kwamba l iliyobanwa katikati ya irabu iligeuka r, ndiyo maana chumvi, *sale*, ikawa *sare*, na jua, *sole*, likawa *soare*. Alimfundisha kwamba neno *cuvânt*, lenyewe maana yake neno, lilianza huko Rumi likiwa na maana ya mkutano. Octav akaacha gurudumu lizunguke bure, akamtazama.

"Kwa hiyo watu walikutana kwanza, maneno yakaja baadaye."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Sisi tulianza na maneno," akasema Octav. "Hiyo ya kukutana tuifanye sasa." Akambusu, na mikono yake ya udongo ikaacha alama mbili mgongoni mwa sweta jeupe ambazo Ruxandra hakuzifua mpaka Krismasi.

Majira ya baridi yote waliyamaliza kwenye simu. Ruxandra akiwa kwenye tramu, akiwa anasahihisha mitihani, simu ingeita na upande wa pili ungekuwa na neno la kumtega.

"Jibini, *brânză*?"

"Hilo hatujui," Ruxandra alikiri. "Huenda kweli ni la hao Wadakia wako."

Octav alishangilia hadi majirani wakagonga ukuta, na kesho yake akamletea bonge la jibini la kondoo lililofungwa utepe.

"Na *dor*?" aliuliza siku nyingine, theluji imefunga barabara na hawajaonana.

"La Kilatini. Lilikuwa na maana ya maumivu. Sasa ni kule kumtamani mtu aliye mbali."

"Mbona hayo mawili ni kitu kimoja, laazizi wangu," akasema Octav.

Mwezi Februari ikaja habari njema iliyomnyima raha. Chuo kimoja cha Padova, Italia, kilimtaka akafundishe Kiromania kwa miaka michache, kuanzia vuli. Ni kazi aliyoiota tangu akiwa mwanafunzi. Hakumwambia Octav. Mwanamke huyu aliyeweza kubishana na soko zima aliogopa kumuuliza mtu mmoja kama ana nia naye ya kweli au anapitisha baridi tu. Akaamua Machi itamjibu.

Kwao Botoșani, kaskazini, tarehe mosi Machi msichana humpa mwanamume uzi wa Machi, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Mwanamume akiupokea huubandika kifuani, upande wa moyo, akauvaa mwezi mzima watu wakiona, na Machi ikiisha huufunga kwenye mti wa matunda. Hivyo ndivyo baba yake alivyomkubali mama yake. Ruxandra aliusokota wa kwake mwenyewe, na katikati akautia ushanga wa buluu aliokuwa ameachiwa na bibi yake. Octav akiuvaa, atamwambia habari ya Padova na watatafuta njia pamoja. Asipouvaa, ataondoka peke yake.

Jioni ya mwisho ya Februari Octav alipiga simu akilalamika. Tanuri lilimpasulia karibu vipambo vyote vya udongo vya nyuzi za Machi, na kesho alikuwa na wanawake wa kuwapa hadi mlangoni: mwenye nyumba, muuza mkate, mama wa duka la dawa.

"Usijali," Ruxandra akasema kwa sauti ya chini. "Mmoja nitakuletea mimi mwenyewe."

"Wewe ni malaika," Octav akasema.

Asubuhi walikutana kituo cha tramu. Ruxandra alimtia kiganjani kifurushi cha karatasi laini, akambusu shavuni, akarukia tramu kabla uso haujamsaliti. Siku hiyo alifundisha vibaya kuliko siku zote na hakujali.

Alasiri alinunua maandazi ya jibini yakiwa ya moto, akajitia lipstiki dirishani mwa duka, akaenda karakana. Octav alikuwa ameinama kwenye gurudumu. Aliinuka kwa furaha, mikono imetanuliwa. Kifua chake kilikuwa kitupu.

Labda ameuficha usichafuke, Ruxandra alijiambia. Ndipo Mirela, msichana anayeuza maua ukuta wa pili, alipoingia kuomba waya. Mirela alikuwa mzuri, hilo halina ubishi, na leo alikuwa mzuri zaidi, maana kwenye koti lake jeusi ulining'inia uzi mwekundu na mweupe wenye ushanga wa buluu.

"Umeona alichonipa Octav?" Mirela akasema, akiuinua kwa vidole. "Huu wa mwaka huu ni mzuri kuliko zote nilizopata."

Ruxandra aliyaweka maandazi mezani.

"Na wako huu hapa," Octav alikuwa akisema, akihangaika na kisanduku kidogo. "Nilikuwa nakusubiri, mpenzi, huu niliuficha—"

"Leo umegawa nyingi, Octav. Na huo utafutie mtu." Alitoka. Alimsikia akimwita kwa jina hadi kwenye kona ya barabara. Kesho yake alipiga simu Padova na kuwaambia anakuja.

Octav alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Alituma maua, na kwa bahati mbaya aliyanunua kwa Mirela, na kadi ikawa na jina la duka. Mara moja tu Ruxandra alipokea.

"Niambie kosa langu," Octav aliomba. "Hata mwizi husomewa mashtaka."

"Muulize Mirela."

"Mirela? Mirela ana mume, Ruxandra."

"Basi hongereni nyote watatu," akasema na kukata, kisha akalia juu ya rundo la insha za wanafunzi mpaka wino ukatawanyika.

Wiki zikapita. Alikuwa akifundisha mipaka ya sauti, jinsi neno lilelile linavyotamkwa hivi kaskazini na vile kusini, na mtu wa kila upande anavyoamini kwamba yeye ndiye wa kawaida na mwenzake ndiye wa ajabu. Somo hili alilipenda. Alilichora ubaoni, mstari ukipita katikati ya nchi, na kwa mazoea ya mwezi wenyewe akachukua mfano wa *mărțișor*, uzi wa Machi, jina linalotokana na mwezi wa Kirumi. Akawauliza wanafunzi kwao wanauitaje. Badala ya kujibu hilo wakaanza ubishi wao.

Mvulana kutoka Iași, kaskazini, alikuwa ameubandika wake kifuani. Msichana wa Craiova, kusini, akamuuliza mbele ya watu kama ameuokota.

"Nimepewa na mchumba wangu," mvulana akasema.

"Mwanamke kumpa mwanamume? Kwetu mwanamume anagawa kwa wanawake wote mtaani, basi. Hata umpe mwenyewe mkononi, atadhani umemletea wa kugawa."

Darasa zima likacheka. Wa kaskazini wakapiga kelele upande wao, wa kusini upande wao. Mwalimu alibaki amesimama na chaki mkononi, mbele ya mstari alioupitisha mwenyewe.

Miaka yote aliyokaa Bukarest, wenzake wa kiume kazini walimpa nyuzi kila mosi Machi, naye alipoona vifua vyao vitupu aliwahurumia, akidhani maskini hawana wa kuwapa. Hakuwahi kuuliza. Aliyekula mshahara kwa kuchora mipaka ya wengine hakujua kama na yeye ana mpaka wake. *Mmoja nitakuletea mimi mwenyewe*. Na Octav, mtoto wa Oltenia, mfuko mtupu, wanawake wanamngoja, alikuwa amemwita malaika.

"Somo limeisha," akasema.

"Mwalimu, bado nusu saa."

"Mko sahihi nyote. Hilo ndilo somo." Akachukua koti.

Tramu ya kwenda Obor haijawahi kutambaa vile. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Akagonga kwa Mirela, na Mirela, akiwa na mkasi na mafungu ya tulipu, alimtazama kwa jicho la mtu aliyechoshwa na wapenzi.

"Kaondoka jana. Botoșani, kwa mama yako. Kasema kama wewe humwambii kosa lake, atakwenda kumuuliza aliyekuzaa. Na kabla hajaondoka kaja kaniomba ule uzi wa ushanga nimrudishie. Nikamwambia ningejua ni wako ningekutupia kichwani mwenyewe siku ileile."

"Alijuaje kwamba kisa ni huo uzi?"

"Mimi nilimwambia. Nilikuona ulivyoutazama, dada. Wanaume hawaoni kitu."

Ruxandra akamkumbatia, tulipu na mkasi na vyote, kisha akapiga simu kwao akiwa amesimama palepale kati ya ndoo za maua.

"Yupo," mama yake akasema bila salamu. "Anakula. Kijana huyu haelewi kitu, lakini anakula vizuri. Nimemweleza mambo ya uzi wa Machi na yeye akanieleza ya kwao, tukacheka mpaka jirani akaja. Wewe na kusoma kote huko, mwanangu, hukuweza kumuuliza?"

"Mpe simu, mama."

Ikasikika kelele ya kiti, kikohozi, mtu anameza kwa haraka.

"Ruxandra."

"Octav, nisamehe. Nilikupa bila kukuambia, halafu nikakuhukumu kwa sheria ambayo hukuwahi kuisikia."

"Niliupa mtu moyo wako kama mtu anayegawa peremende," Octav akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Mama yako aliponiambia maana yake nilitamani ardhi inimeze. Sasa hivi nimeuvaa. Sitauvua. Nakuja na treni ya kesho."

Kesho yake stesheni ya Gara de Nord ilikuwa imejaa watu wa Bukarest wenye haraka zao, na kati ya vifua vyote vya wanaume walioshuka kwenye ile treni ya kaskazini, hapa kusini wasikovaa uzi, kifua kimoja tu kilikuwa nao, mwekundu na mweupe, ushanga wa buluu ukimeta. Octav alikuwa amevaa koti lake zuri, amenyoa, na mkononi amebeba ndoo ya kabichi zilizochachushwa na mama mkwe asiye mama mkwe bado. Mchukuzi wa mizigo akamdhihaki kwamba mkewe amemsahaulia pambo lake.

"Si mke bado," Octav akamjibu kwa sauti iliyosikika jukwaa zima. "Ndio naenda kumuuliza."

Ruxandra alikuwa hatua chache tu nyuma ya mchukuzi. Alipita vitoroli na masanduku, akajitupa kifuani pale penye uzi, na ndoo ikamwagikia viatu vyao. Walicheka huku wamekumbatiana, wananuka siki, na watu wakawapitia huku na huku.

Machi ilipoisha walikuwa uani. Mti wa aprikoti ulikuwa umechanua wote, maua meupe yenye wekundu kwa mbali, na Octav alikuwa akichagua tawi la kufunga uzi aliouvaa mji mzima bila kujali nani amecheka. Ruxandra hakutaka furaha yake iwe na kona ya giza.

"Nimekubali kazi Padova," akasema. "Nilikubali kwa hasira. Lakini hasira imeisha na bado naitaka."

Octav alianza kufunga fundo. "Padova hakuna udongo?"

"Upo."

"Moto je?"

"Octav, nakwambia jambo la kweli."

"Na mimi nakuuliza la kweli. Mfinyanzi anahitaji nini kingine? Maneno yako yalitoka huko kwa miguu, yakafika hapa hoi. Sisi tutarudi njia ileile, na tutapanda treni."

Akatoa kile kisanduku cha mosi Machi. Ndani yake palikuwa na moyo mdogo wa udongo, rangi ya asali. Upande mmoja ameandika *anima*, roho, kama walivyosema Warumi. Upande wa pili *inimă*, moyo, kama neno lilivyofika Romania baada ya mwendo wote ule. Ruxandra alitafuta ukingo wa chini kwa mazoea, kuona kama pana Wadakia. Paliandikwa: *Kilatini. Mwenye shaka amuulize Ruxandra*.

"Sasa na mimi nina la kukuuliza," Octav akasema. "Utaolewa na mimi?"

Maneno yote aliyoyajua Ruxandra, na alijua mengi kuliko watu wengi, yalikuwa yamekimbia.

"Neno lenyewe ni fupi," Octav akamhimiza, hofu imeanza kumwingia. "*Da*. Ndiyo. Au nalo si la Kilatini?"

"Si la Kilatini. Wengi tunadhani tulilipata kwa majirani zetu Waslavi. Warumi hawakuwa na neno moja la ndiyo."

"Sasa walikuwa wanaoaje?"

"Mtu akiulizwa, alirudia lile aliloulizwa."

Nyuma ya ukuta mkasi wa Mirela ulikuwa umenyamaza.

"Basi rudia," Octav akasema.

"Nitaolewa na wewe," Ruxandra akasema, kama Mrumi. Kisha akamshika uso kwa mikono miwili na kulisema kama mama yake alivyolisema, na bibi yake mwenye ushanga wa buluu kabla yake. "*Da*."